Mbwa ni wa mdogo wangu, aliyeng'atwa ni mtoto wa jirani. Mzigo ni wa nani?

SWALI

Mshauri wetu mpendwa, shikamoo.

Nakuandikia baada ya kusikiliza watu wengi mno, na kila mmoja ana lake. Nakuomba usitaje jina langu, kwa sababu wote wanaohusika ni watu ninaokutana nao kila siku.

Nina mume na watoto wawili. Mdogo wangu wa kiume, wa tumbo moja, alipata kazi nje ya nchi kwa mkataba akawa hana pa kumwacha mbwa wake. Ni dume kubwa, amemlea tangu akiwa kitoto cha kubebwa kwapani, na anampenda kupita kiasi. Akaniomba nikae naye hadi mkataba utakapoisha. Mume wangu hakufurahia, ila hakutaka kumvunja moyo shemeji yake, tukamchukua.

Mbwa aliletwa na mnyororo, bakuli mbili, kadi ya chanjo na mfuko wa vikorokoro vyake. Chini kabisa ya mfuko nilikuta kifunga mdomo cha ngozi, kile wanachovishwa mbwa. Kwa ndani kilikuwa kimeliwa meno, na mkanda wake umelainika kwa kuvaliwa. Nikadhani ni cha safari, cha kumpandishia garini, nikakirudisha mfukoni. Mdogo wangu hakusema lolote kuhusu kitu kile, nami sikuuliza.

Kwangu mbwa hakuwa na shida. Wanangu walimzoea, wakawa wanamlalia ubavuni wakifanya kazi za shule. Wageni aliwabwekea, lakini mbwa wa kulinda asipobweka atafanya nini? Tukatundika kibao getini, "MBWA MKALI", kama wafugaji wengine wanavyofanya.

Jioni moja watoto wa jirani walikuwa wanacheza mpira nje. Mpira ukaruka ukuta. Mmoja wao, mvulana wa miaka 7, akainua komeo la geti letu akaingia kuufuata. Mbwa alikuwa amefunguliwa. Mimi nilikuwa jikoni, na kinachonitisha hadi leo ni kwamba sikusikia hata mbweko mmoja. Nilisikia kilio cha mtoto tu. Nilipotoka nilimkuta mbwa ameng'ang'ania mkono wake chini ya kiwiko. Nikampiga kwa ufagio mpaka akaachia. Yalikuwa matundu manne, moja limechanika na kuacha wazi.

Mama yake alikuja mbio, tukamwosha mtoto, akapelekwa hospitali na kuanzishiwa sindano. Siku ile hakuna aliyegombana. Kesho yake baba wa mtoto akaja na wajomba wawili. Wanataka gharama zote za matibabu, wanataka fidia ya kovu litakalobaki, na wanataka mbwa auawe. Wakisema hivyo, mama yake alikuwa amesimama nyuma yao anaangalia chini. Huyu ni mwanamke aliyenilelea mtoto wangu wa kwanza nilipolazwa kujifungua mdogo wake. Sasa tukikutana ananiitikia kwa kichwa tu.

Nikampigia simu mdogo wangu. Akanyamaza, kisha akaniambia, "Dada, usilipe chochote, usisaini chochote. Mtoto kaingia mwenyewe kwenye uwanja wa watu, na kibao kipo. Ukilipa umekiri." Nikamuuliza kama mbwa aliwahi kung'ata mtu. Akanijibu kwa sauti ya chini kwamba aliwahi kumshika mguu mtu mmoja aliyekuja kusoma mita, wakamalizana wenyewe. Akaongeza, "Lakini hilo lisitoke nje."

Mume wangu anasema mbwa aondoke leo, na kwamba jirani wa karibu ni bora kuliko ndugu wa mbali. Hajui habari za msoma mita. Sijamwambia yeye wala mtu mwingine yeyote. Wanangu wanalia wakisikia mbwa atauawa. Kadi ya chanjo niliitazama baada ya tukio, nikakuta tarehe ya kurudia imepita.

Kisheria nani anawajibika, mimi au mwenye mbwa? Je, kibao hakinisaidii? Ni kweli kwamba nikilipa nitakuwa nimekiri? Na hili aliloniambia mdogo wangu, nilifanyeje? Nikilisema nimemwuza ndugu yangu. Nikilinyamazia, nitamtazamaje mama wa yule mtoto?

Wako,
Mlezi wa Mbwa wa Mwenzake

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Wasomaji wajue kwanza kwamba barua hii haikungoja zamu yake ya kuchapishwa. Nilimwandikia mwenyewe siku ile ile ilipofika, kuhusu jeraha la mtoto na ile kadi ya chanjo, kwa sababu kichaa cha mbwa hakimsubiri mtu. Nayarudia hapa kwa ajili ya yeyote atakayekutana na jambo kama hili.

Jeraha la kung'atwa huoshwa mara moja kwa maji yanayotiririka na sabuni, kwa dakika 15, bila kuonea huruma kilio cha mtoto. Kisha hospitali. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 99 ya watu wanaopata kichaa cha mbwa wameambukizwa na mbwa, na ugonjwa ukishaonyesha dalili karibu hakuna anayepona. Ila kabla ya dalili, sindano zinazuia, mradi zianze mapema na zikamilishwe. Pale ngozi ilipotobolewa, kama kwa mtoto huyu, kuna pia dawa ya kinga inayodungwa kwenye jeraha lenyewe, na pepopunda nayo huangaliwa. Mbwa afungwe mahali salama na atazamwe kwa siku 10. Akizipita akiwa mzima, maana yake hakuwa na virusi mateni siku aliyong'ata. Ndiyo maana nilikusihi usikubali auawe kwa haraka, hata kama waliokuwa wanadai ni watu wenye uchungu wa haki. Mbwa aliyeuawa na kuzikwa anaondoka na jibu ambalo daktari wa mtoto analihitaji.

Umeniandikia tena kwamba siku 10 zimepita, mbwa anakula, na hospitali imeelezwa. Namshukuru Mungu. Kama sindano zikome au ziendelee, hilo waachie hospitali. Sasa tuzungumze mengine.

Nikiisoma barua yako naona watu wanne waliosimama kumzunguka mbwa mmoja. Baba wa mtoto anaona mkono wa mwanawe. Mdogo wako anaona kesi. Mume wako anaona ujirani unaobomoka. Na wewe uko katikati, umeshika kitu ambacho hao watatu hawajui unacho, isipokuwa yule aliyekupa. Umeniuliza maswali ya sheria, nami nitayajibu kadiri yanavyojibika, lakini sidhani kama yatakapojibika utalala. Kinachokunyima usingizi ni lile la mwisho.

Nianze na dhana moja iliyobeba barua yako yote, kwamba mbwa si wako na kwa hiyo mzigo huenda usiwe wako. Sheria za nchi nyingi haziishii kwenye nani alimnunua mnyama. Zinauliza pia alikuwa mikononi mwa nani. Uingereza, Sheria ya Wanyama ya mwaka 1971 inamhesabu kuwa mtunzaji yule anayemmiliki mnyama au yule aliye naye, na wote wawili wanaweza kuwa watunzaji kwa wakati mmoja. Ufaransa wana kanuni iliyoandikwa tangu mwaka 1804, siku hizi kifungu cha 1243 cha sheria yao ya madai, inayomtwika mzigo mwenye mnyama au yule anayemtumia kwa wakati huo, hata kama mnyama alikuwa ametoroka. Ujerumani kifungu cha 833 kinamshika mfugaji, na cha 834 kinamgeukia mtu aliyekubaliana na mfugaji kumsimamia mnyama kwa niaba yake. Huyu wa pili anaweza kujinasua akionyesha kwamba alichukua tahadhari zilizostahili.

Ukizitazama hizo tatu pamoja, unaona kwamba neno "ni wa mdogo wangu" halifungi mlango. Inawezekana kabisa jirani akakudai wewe kwanza, kwa kuwa wewe ndiye aliye karibu na geti ni lako, kisha wewe ukamgeukia mdogo wako akurudishie. Inawezekana pia mkadaiwa wote wawili. Ni wakili wa nchi unayoishi ndiye atakayekuambia kwenu inakwendaje, lakini usiingie ofisini kwake ukiamini kwamba huhusiki.

Swali la pili la sheria ni la kale sana: ulijua? Sheria za Hammurabi wa Babeli, za karibu miaka 3,750 iliyopita, zilimtofautisha fahali aliyempiga mtu pembe njiani na yule ambaye mwenyewe alikwisha kuonywa kwamba anapiga, asimfunge wala asimzibe pembe. Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, kinaweka tofauti hiyo hiyo. Sheria ya Kiingereza, iliyosambaa katika nchi nyingi, nayo iliukuza msimamo huo: mwenye mnyama wa kufugwa alibanwa pale ilipothibitika kwamba aliijua tabia mbaya ya mnyama wake. Kwingine wamekwisha kuuacha. Jimbo la California huko Marekani, kwa kifungu cha 3342 cha sheria yake ya madai, linamwajibisha mwenye mbwa hata kama mbwa hajawahi kung'ata na mwenyewe hakujua lolote, mradi aliyeng'atwa alikuwa mahali pa umma au mahali alipokuwa na haki ya kuwapo. Na hata pale ambapo hakuna aliyejua chochote, bado kuna mlango wa uzembe: mbwa alifunguliwa saa ngapi, geti linafungwaje, watoto huchezea wapi.

Unaona sasa kwa nini mdogo wako alishusha sauti. Habari ya msoma mita, mahali ambapo kujua kuna uzito, inaweza kuwa ndiyo kesi yenyewe. Na inamwelekea yeye zaidi kuliko wewe, kwa sababu yeye alijua kabla na wewe umeambiwa baada. Nakuomba uiandike leo tarehe ya simu ile na maneno aliyokuambia, kama unavyoyakumbuka, kwenye daftari lako mwenyewe. Haimaanishi umeamua kuyatumia. Maana yake ni kwamba siku yoyote ikibidi kueleza ulijua nini na lini, hutakuwa unababaisha.

Ila kuna kile kifunga mdomo. Umekitaja kwa mistari miwili ukaendelea, nami nimekirudia mara kadhaa. Kimeliwa meno kwa ndani, mkanda umelainika. Wewe hukumfuga mbwa huyu toka mwanzo, na mtu asiyejua mbwa anaweza kudhani kweli ni cha safari. Nakuamini. Lakini mtu wa upande wa pili anaweza kukuuliza: ulipokiona kimechakaa vile, hukujiuliza mbwa huyu alikuwa anazuiwa kufanya nini? Sikutupii lawama. Nakutaka tu ulisikie swali hilo kwangu kabla hujalisikia kwa mtu mwingine, na umwambie wakili wako kwamba kitu hicho kipo. Usikitupe. Kukitupa sasa ndiko kungeonekana vibaya kuliko kitu chenyewe.

Kibao nacho kina pande mbili. Kinaonya, na kwa mtu mzima aliyekisoma akaingia kwa jeuri yake, kinaweza kukupunguzia mzigo au hata kukuondolea. Lakini kibao hicho hicho kinasema kwamba mwenye nyumba anajua mbwa wake ni mkali, na mtu akitaka kukugeuzia atakugeuzia. Halafu aliyeingia ana miaka 7. Mdogo wako anamzungumzia kama mvamizi aliyeruka ukuta usiku. Ni kweli kwamba zipo sheria zinazompunguzia mwenye mbwa wajibu kwa mtu aliyeingia bila ruhusa, na hiyo ya Uingereza niliyoitaja ni mojawapo. Lakini mahakama nyingi hazimpimi mtoto kwa mizani ya mtu mzima. Zinauliza kama ulipaswa kutazamia kwamba mtoto atafuata mpira wake, na geti lenye komeo la kuinua, ambalo kila mtoto analifikia, litatajwa. Kama hujabadilisha komeo hilo, libadilishe kabla hujamaliza kusoma gazeti hili.

Sasa hili la kwamba ukilipa umekiri. Mdogo wako hasemi uongo, ila amelikaza kupita lilivyo. Kumlipia mtoto nauli ya hospitali na dawa, kukaa na mama yake kwenye benchi la kusubiri, kusema "pole sana, nimeumia na ninyi", hayo ni mambo ya utu, na jirani asiyeyafanya kwa kuogopa kesi mara nyingi ndiye anayeizaa kesi. Kinachohitaji hadhari ni kuandika kwamba "mimi ndiye mwenye makosa" au kutoa fedha bila karatasi yoyote. Mawakili huandika malipo ya aina hii kuwa ni msaada wa matibabu, bila kukiri kosa na bila kuathiri haki za upande wowote, na pande zote mbili zikatia sahihi. Kama nyumba yenu, au mdogo wako, ana bima inayogusa madhara kwa watu wengine, isomeni kwanza. Baadhi ya bima hukataa kulipa pale mteja alipokubali deni kabla ya kuwaarifu.

Na hapa kuna jambo ambalo wengi wanaomalizana nyumbani hawalijui. Haki ya kudai ni ya mtoto, wazazi wanaisimamia tu. Uingereza, kwa mfano, muda wa miaka mitatu wa kudai madhara ya mwilini kwa mtoto huanza kuhesabiwa anapotimiza miaka 18, na makubaliano yaliyofanywa kwa niaba yake hayawi na nguvu kamili mpaka mahakama iyaidhinishe. Kwingine kuna utaratibu mwingine. Kwa hiyo ukisikia "tumeshamalizana", uliza: kwa maandishi gani, na yana nguvu kwa mtoto? Uliza vilevile kama kwenu kuna upande wa jinai, maana zipo nchi ambako kuwa na mbwa aliyeshindikana na kumdhuru mtu ni kosa la polisi, mbali na fidia.

Baba wa mtoto umemweleza kama mtu wa madai. Labda ndivyo alivyo. Lakini mtu akija na wajomba wawili mara nyingi amekuja kuhesabiwa, amekuja ionekane kwamba mwanawe ana watu. Umemuuliza mtoto anaendeleaje usiku? Watoto walioumwa na mbwa wengine huamka wakilia muda mrefu baada ya jeraha kufunga, na gharama hiyo haiko kwenye risiti za hospitali. Sijui kama familia ile ingepunguza madai yao kwa kuulizwa hivyo, wala usiwaulize kwa sababu hiyo. Waulize kwa sababu mama yake alikulelea mwanao.

Kuhusu mbwa, najua kila mmoja wenu angependa niseme neno moja. Naona njia kadhaa, na hakuna isiyo na miiba. Mnaweza kumlaza kwa daktari wa mifugo, kwa sindano, si kwa rungu wala sumu. Hiyo inamaliza hatari, na inawapa wazazi walichoomba. Lakini mbele ya sheria mbwa ni mali ya mdogo wako, na usipopata ridhaa yake iliyoandikwa, au amri ya mamlaka, utakuwa umefungua ugomvi mwingine. Mnaweza kumpa mtu mwingine, na hapo lazima huyo mtu aambiwe yote, ya mtoto na ya msoma mita. Mkimpa kimya kimya mtakuwa mmemfanyia yeye kile kile ambacho mdogo wako alikufanyia wewe. Mnaweza pia kubaki naye, baada ya daktari wa mifugo kumpima tabia, kukiwa na uzio wa ndani, mnyororo imara, geti la kufuli, kifunga mdomo kila anapotoka, na chanjo iliyorudiwa. Njia hii inawafurahisha wanao, nami nawaelewa, lakini mbwa aliyeshika mtu mara mbili, mara ya pili bila kubweka, anahitaji mtu wa kumsimamia kila saa. Nani kwenu ana saa hizo? Nakuuliza kwa dhati, kwa sababu mwenye kazi hiyo huenda akawa wewe peke yako.

Sasa nije kwenye siri.

Umeiweka hivi: nikisema nimemwuza ndugu, nikinyamaza nimemsaliti jirani. Nataka kukuuliza kama hakuna watu wengine wa kuambiwa kabla hujafika kwa jirani. Wakili wako ni wa kwanza. Yeye mwambie yote, maana anafungwa na kiapo cha kazi yake kutunza siri yako, na ushauri anaoutoa bila kujua habari ya msoma mita unaweza kukutumbukiza. Mume wako ni wa pili. Yeye analala nyumba moja na mbwa huyu, pamoja na watoto wake, na anaamua mambo ya mbwa bila kujua analoamua. Naelewa unaogopa atamchukia shemeji yake. Huenda akakasirika. Lakini fikiria akilisikia miezi ijayo, barazani kwa mtu mwingine, kwamba ulijua.

Kisha kuna mdogo wako mwenyewe. Umenipa picha ya mtu anayekuamrisha kutoka mbali, lakini mimi nimesikia pia mtu aliyeulizwa swali moja akalijibu kweli, ilhali angeweza kukana. Hiyo ni nafasi. Mrudie, umwambie kwamba yeye ndiye anayestahili kulisema, kwa mdomo wake, na kwamba unampa muda wa kufanya hivyo. Mweleze kwamba mbwa wake aliletwa nyumbani kwenye watoto bila neno. Sijui kama umewahi kumwambia jinsi hilo lilivyokuuma, barua yako hailisemi popote. Unamtetea sana, na una haki ya kuumia pia.

Kama atakataa, utabaki na uamuzi wako. Kwa kawaida sheria haimlazimishi mtu kumpelekea mdai wake ushahidi ambao hajaulizwa. Kwa hiyo kunyamaza mbele ya jirani leo si lazima kuwe kosa la kisheria. Lakini ukiulizwa polisi au mahakamani, chini ya kiapo, kusema uongo ni kosa zito, na mdogo wako hana haki ya kukuomba ulibebe hilo kwa niaba yake. Pia upo uwezekano kwamba jirani atalisikia lenyewe. Msoma mita ana mdomo, na ana watu.

Upande mwingine, ukimwambia mama wa mtoto sasa, huenda ujirani ukapona kwa kuwa umekuwa mkweli, na huenda madai yakaongezeka kwa sababu wamepata silaha. Yote mawili yanawezekana kwa pamoja. Usimwambie ukitegemea shukrani. Mwambie pale ambapo wewe mwenyewe umeona huwezi kuendelea kumpita njiani bila yeye kujua, na ikiwezekana baada ya wakili wako kukueleza matokeo yake, ili uchague ukiwa macho wazi.

Kuna jambo moja halihitaji kungoja uamuzi wa mtu. Kabla ya simu ile ungeweza kusema kwa dhati kwamba hukujua. Baada ya simu ile unajua. Mbwa akimng'ata mtu mwingine kesho, hata akiwa fundi aliyekuja kutengeneza geti, hakuna sheria ninayoifahamu itakayokupokea kama mtu asiyejua, wala kibao hakitakusaidia. Kwa hiyo kabla ya fidia, kabla ya wajomba, kabla ya kujua nani alipe, mbwa awe amefungwa mahali ambapo hakuna mtoto atakayemfikia, wa kwako wala wa jirani. Wanao pia, mwanangu. Najua wanamlalia ubavuni.

Halafu umpigie mdogo wako saa ambayo hana haraka, na usianze na lawama. Muulize yule msoma mita aliumia kiasi gani, alitibiwa wapi, na kama walimalizana kwa maandishi au kwa mdomo. Muulize daktari wa mifugo aliyekuwa akimchanja mbwa ni nani, na kwa nini tarehe ya kurudia ilipita. Andika majibu yake yote, kisha yapeleke kwa wakili pamoja na kadi ya chanjo, picha za geti na risiti za hospitali kama familia ya mtoto itakubali kukupa nakala. Ukishaonana naye niandikie tena. Na kama mume wako atapenda kuandika yake, nitaisoma pia.